Mwambie Mbwana Aache Kuosha Miguu ya Bahati

Kwako ndugu yangu Mwanasha, hapo Muyeye, Malindi.

Assalamu alaykum. Shikamoo yako niliipata, nami nakuitikia marahaba kwa sauti ya kusikika hadi Mambrui. U hali gani, mdogo wangu? Ule mgongo umepoa, au bado unakukamata ukiinua madumu ya maji? Na Zuhura binti yako hajambo? Na nyumba haivuji masika haya? Na Bahati, punda wangu? Nasema wangu makusudi, ili mtu asisahau. Ni mimi niliyemchagua kule Adu nikamleta mjini kwa miguu, na njiani akatutokea fisi mkubwa kama ndama, nikamkazia macho mpaka akaona haya akarudi kichakani. Wewe huamini, lakini Bahati mwenyewe alikuwepo.

Mimi kwa upande wangu ni mzima. Baridi ya huku Uingereza ni ile ile. Juzi nilipiga chafya uwanjani, nikasikia kitu kimeanguka chini kama kigae. Kazi pia ni ile ile, farasi asubuhi, farasi jioni. Bi Heleni anakusalimu, yule mama aliyekuwa akipandisha watalii farasi pale ufukweni Watamu, kabla hajarudi kwao akanichukua na mimi. Hapa shambani kwake hakuna jambo linalofanyika bila Omari. Hata daktari wa wanyama akija, Bi Heleni hunitazama mimi kwanza, ndipo amtazame daktari.

Nimekuandikia kwa karatasi na si kwa simu, kwa sababu kwenye simu nikianza kusema la maana wewe huanza kucheka, halafu Zuhura naye hudakia, mwisho mtandao hukatika nami nabaki nimeishika simu kama mjinga. Karatasi haicheki. Barua hii anakuletea jamaa mmoja wa Mambrui anayefanya kazi mji wa jirani, anakuja likizo. Mpe chai.

Lile uliloniuliza nimelisikia. Unataka kuolewa na Mbwana, fundi wa mikokoteni kutoka Matsangoni, na kwa kuwa baba hayupo tena, mimi ndiye walii wako, na pasipo neno langu kadhi hafungui mdomo. Najua unangoja. Najua pia Ami Bakari ananingoja, maana ameshanitumia ujumbe mara mbili, wa pili mfupi kuliko wa kwanza. Jawabu lako limo humu humu, chini. Lakini kwanza nina mambo yangu na huyo Mbwana, na utayasoma yote.

Zuhura alinitumia sauti yake kwa simu. Sijui kama alikwambia. Anasema, nami namnukuu mtoto wa dada yangu, niliyemfundisha mimi kumshika punda sikio: "Mjomba, Mzee Mbwana anajua wanyama kuliko mtu yeyote hapa Malindi. Bahati akimsikia tu mlangoni, analia."

Kuliko mtu yeyote! Nimeisikiliza ile sauti nikiwa nakula, nikaacha kula. Nimeisikiliza nikiwa zizini, farasi wakanitazama. Analia, ati. Bahati huyo huyo ambaye mimi nikirudi kazini alikuwa akinisikia tangu nikiwa barabara kuu, anapiga kelele mpaka majirani wanajua Omari amefika wanateremsha sauti za redio zao. Sasa anamlilia fundi wa magurudumu.

Nikamuuliza Zuhura, kwani huyo mzee anakuja hapo kufanya nini? Ndipo nikaambiwa yote. Kwamba alikuja kutengeneza gurudumu la mkokoteni wako wa maji. Sawa, hiyo ni kazi yake. Kwamba alipoinama kwenye gurudumu akaona miguu ya Bahati ina vigaga juu ya kwato, nywele zimeshikana, ngozi nyekundu imepasuka. Sawa, ana macho. Kwamba tangu siku hiyo anakuja kila alasiri, anamwosha miguu kwa maji na sabuni, anampaka mafuta ya nazi, halafu anakaribishwa chai. Na si chai kavu, Mwanasha. Nimesikia habari za mahamri na mbaazi za nazi. Mimi nina muda gani sijaona mbaazi? Huku wanakula mbaazi za rangi ya majani, zimechemshwa bila hata chumvi, nazo wanazisifu.

Nikauliza, na vigaga vimepona? Zuhura akasema, "Bado, Mjomba, vimezidi kidogo, lakini Mzee Mbwana hachoki."

Hapo, dada yangu, damu ilinipanda. Kwa sababu mimi ugonjwa huo naujua. Huku wenyewe wanauita homa ya matope, ingawa si homa ya kushika paji la uso. Ni ugonjwa wa ngozi. Mnyama akisimama kwenye matope na maji siku nenda siku rudi, ngozi ya mguu inalainika kama vidole vya mfuaji nguo, inafunguka, na vijidudu visivyoonekana vinaingia. Vijidudu hivyo vinapenda majimaji kuliko kitu chochote. Ukiviosha unavinywesha. Ukipaka mafuta juu ya ngozi yenye maji unavifunika shuka vilale vizuri. Dawa yake kubwa ni ukavu.

Basi nikajisemea: huyu mtu si mjinga, ametengeneza mikokoteni nusu ya wilaya. Huyu anaosha ili visipone! Vikipona atakuja kwa sababu gani? Atakula mahamri kwa kisingizio kipi? Nikamwona kabisa, ameinama na ndoo yake, jicho moja kwa punda na jicho moja kwa mlango wa jikoni. Nilishika kalamu siku ile ile nikuandikie HAPANA kwa herufi kubwa, na karatasi ile ninayo, nimeiandika kwa nguvu mpaka imetoboka.

Sikuituma. Na sababu yake nitakueleza, ingawa haina sifa nyingi kwangu, nawe usimsomee Ami Bakari sehemu hii.

Hapa kuna farasi jike, jina lake la kizungu refu kama treni, mimi namwita Malkia. Ni mkubwa, Mwanasha. Ukisimama upande mmoja huoni kama upande wa pili jua limechomoza. Mwili wote kahawia, miguu yote minne myeupe kuanzia goti kushuka, na ngozi chini ya ule weupe ni ya waridi, laini kama ya mtoto mchanga. Tangu nifike nilipewa mimi, na tulipendana papo hapo. Anasikia Kiswahili. Nikimwambia "sogea" anasogea, nikimwambia "acha uchoyo" anamwachia mwenzake majani. Bi Heleni alikuwa akiwaleta wageni wake kuja kutuona tukizungumza.

Sasa matope ya huku. Wewe unajua tope la Muyeye pale penye bomba. Hilo ni maji ya kunawa. Huku kuna matope kwenye lango la malisho ambayo yaliwahi kumeza kiatu changu cha mpira, nikavuta, kikatoka kiatu cha mtu mwingine. Farasi wote wanajazana hapo langoni wakingoja chakula, wamezama mpaka vifundoni. Malkia anatoka na ile miguu yake myeupe imekuwa kama nguzo za kibanda cha udongo.

Wewe umelelewa na mama yule yule aliyenilea mimi. Ukirudi nyumbani unafanya nini kwanza? Unaosha miguu. Hujaingia ndani, hujasalimia, hujakaa, mama ameshakuonyesha kata ya maji. Na baada ya kuosha, mafuta ya nazi, ili usionekane umepauka kama mtu asiye na kwao. Basi mimi nikafanya hivyo kwa Malkia. Kila akitoka malishoni namshika kwa mpira wa maji, asubuhi na jioni, mguu kwa mguu, mpaka weupe ung'ae. Halafu nachukua mafuta ya nazi niliyoletewa kutoka nyumbani, yale yale uliyonitumia wewe, nampaka. Wenzangu walikuwa na farasi wachafu. Wangu aling'ara kama anakwenda maulidi. Nilitembea naye kifua mbele, wallahi.

Vikaanza vigaga. Nikazidisha kuosha. Vikaongezeka. Nikazidisha mafuta. Ngozi ya nyuma juu ya kwato ikapasuka, Malkia akawa akishikwa mguu anautoa kwa hasira, yeye ambaye hakuwahi hata kunikunjia sikio. Daktari akaitwa, binti mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa. Akagusa, akanusa vidole vyake, akamuuliza Bi Heleni, "Nani anampikia huyu?"

Wakacheka wote. Mimi nikacheka pia, kwa heshima.

Daktari akasema hakuna maji tena. Nywele zinyolewe pale penye vidonda. Vigaga vilainishwe kwa maji ya vuguvugu yenye dawa, vile vilivyo tayari vitoke vyenyewe, vilivyoshika visikwanguliwe, kisha asuuzwe, akaushwe kabisa, apakwe malhamu. Baada ya hapo akae bandani pakavu, na matope yakimpata yaachwe yakauke mpaka yageuke vumbi, yatolewe kwa brashi laini. Nikasema, huo ndio udaktari? Kumwacha mnyama mchafu? Nikamwambia Bi Heleni kwa Kiingereza changu kizuri kwamba kwetu hata maskini hamlazi mnyama na matope miguuni.

Bi Heleni akaniambia, "Omari, mpumzike nyote wawili. Mirko atamshughulikia."

Mirko ni mfanyakazi mwenzangu, mgeni hapa kama mimi, katoka nchi nyingine ya Ulaya huko ambako hata majina ya watu yana mifupa. Ni mtu mfupi, mzito, haongei. Farasi wake walikuwa ndio wachafu kuliko wote, na miguu yao mizima kuliko yote, jambo ambalo nilikuwa sijalitazama. Akachukua hatamu ya Malkia mkononi mwangu, hivi hivi, kama unavyomchukulia mtu mwavuli wake.

Ndugu yangu, wivu nilioupata siku zile usikupate. Nilikuwa nafagia banda la pili huku namsikia akimpiga brashi, taratibu, shwa, shwa, na Malkia anatoa ile pumzi yake ya kushiba. Ile ilikuwa pumzi yangu. Asubuhi moja nikapita karibu, Malkia akainua kichwa akalia. Nikageuka, nimeshatabasamu. Mirko alikuwa nyuma yangu na ndoo ya chakula. Kilio hakikuwa changu.

Sasa hapa ndipo pa aibu. Vidonda vilikuwa vimeanza kukauka, kila mtu akiviona isipokuwa mimi. Mimi nilichokiona ni tope kavu lililoganda kwenye mguu wa Malkia mchana kutwa, na wageni wa Bi Heleni wakipita wakitazama. Mirko alipokwenda kula, nikaingia bandani. Nikasema, mama wee, umeachwa hivi? Nikamwosha miguu yote minne. Nikamkausha juu juu kwa mkono wa sweta, nikampaka mafuta ya nazi mengi, nikatoka kama mwizi aliyeacha kitu badala ya kuchukua.

Haukupita muda mguu mmoja wa nyuma ukavimba. Ukavimba mpaka ukawa kama mguu wa tembo, moto ukiugusa, na Malkia hakuukanyagia tena. Daktari akaja akampiga sindano, na uso wake haukuwa wa kucheka mara hii. Akasema uvimbe ukipanda juu ya goti, haahidi kitu. Bi Heleni akashika nguzo ya banda. Akauliza, "Kulikuwa kunapona. Nini kimetokea?"

Tulikuwa tumesimama pale, mimi na Mirko. Mirko akainama, akanusa mguu, akanitazama. Nami nikatazama dari. Lilikuwa dari zuri tu la mabati.

Mirko akamwambia Bi Heleni, "Mvua. Tutakausha."

Walipoondoka akanigeukia. Nikangoja ngumi, na nikajiambia nikipigwa nitaanguka upande wa majani. Akaniuliza tu kwa kile Kiingereza chake kilichovunjika kuliko changu: "Kwa nini?"

Nikasema, "Kwetu mtu akirudi nyumbani, kwanza anaoshwa miguu."

Akafikiri. Akasema, "Kwetu mtu akirudi nyumbani, kwanza anabusu mama. Mimi sibusu farasi."

Nikamwambia mafuta yale ni mazuri, yametoka kwa dada yangu, hayana kitu kibaya. Akasema, "Mazuri. Weka kwenye nywele zako." Na wewe unajua nywele zangu zilivyoniaga zamani. Akanirushia taulo. "Kausha," akasema.

Basi nikakausha. Nikapiga magoti kwenye majani nikaukausha ule mguu, kwa taulo moja baada ya jingine, nikipapasa kati ya nywele kama anayetafuta sindano, usibaki hata na tone. Na Malkia, wakati mimi niko chini kwenye miguu yake, kichwa chake amekiweka begani kwa Mirko. Wallahi Mwanasha, begani kabisa, macho amefumba. Mimi nakausha, mwenzangu anapumuliwa shingoni. Nilitaka kulia, na pengine nililia, lakini mvua ilikuwa inavuja pale.

Uvimbe haukupanda. Ukashuka pole pole, vigaga vikatoka, nywele zikaota nyeupe upya. Na ili usidhani kaka yako hana lake, kokoto za pale langoni ni wazo langu mimi. Nilimwambia Bi Heleni, hili tope halitamalizwa na daktari, litamalizwa na kokoto. Zikaletwa lori kwa lori, tukamwaga, tukashindilia, na leo langoni pale unaweza kutandika mswala na kuswali. Farasi wote wamepona. Daktari alipopaona akasema ni kazi nzuri, nami nikamwambia kwetu Malindi tumejenga miji mizima kwa mawe ya baharini, kokoto ni mchezo.

Lakini Malkia bado ni wa Mirko. Bi Heleni hakunirudishia, wala sikuomba. Nampitia kila siku nikimwambia neno la Kiswahili, naye hunigeuzia sikio moja. Sikio moja tu.

Sasa uelewe kwa nini ile karatasi ya HAPANA sikuituma. Nilipokuwa naiandika nikimlaani Mbwana, nikaona mkono wake umeshika ndoo, halafu nikaona ni mkono wangu. Mimi pale kwa Malkia sikuwa na hila. Sikuwa natafuta mahamri. Nilikuwa nampenda yule mnyama kwa namna niliyofundishwa nyumbani, na kila alipozidi kuumwa nilizidi kumpenda kwa maji. Mtu anayetaka kisingizio cha kuja kwa mwanamke anamwosha punda siku moja mbili, halafu anakaa kwenye kiti. Mtu anayeinama kila alasiri kwenye miguu yenye vidonda, akipigwa mateke, naye hachoki, huyo hana hila. Hajui tu. Na kutojua kwake ni kwa nyumba yetu ile ile, kwa mama yule yule mwenye kata ya maji mlangoni. Nimetafuta mahali pa kumchukia, dada yangu, nimetafuta sana, na kila nikifika nakuta nimeshasimama mimi.

Kwa hiyo mwambie aache kuosha. Mwambie umeambiwa na Omari, jina ulitaje waziwazi. Bahati asisimame tena pale penye bomba wakati wa kungoja zamu ya maji. Mfunge ng'ambo, palipoinuka, na hapo nyumbani mwageni mchanga na kokoto, au vifusi vya mawe ya matumbawe, maji yapite chini. Tope likimpata liacheni likauke, kisha mpigeni brashi laini, si ile ya kusugulia sakafu. Nywele zinazozunguka vidonda zipunguzwe kwa mkasi. Nendeni kwenye duka la dawa za mifugo mkaeleze, mpate dawa ya kuchanganya na maji ya vuguvugu ya kulainishia vigaga, na malhamu ya kupaka. Kigaga kisichotaka kutoka kisilazimishwe. Na baada ya dawa, akaushwe. Leso kuukuu ndiyo nzuri, ile iliyofuliwa mpaka imesahau rangi yake, inanyonya maji kuliko mataulo yote ya Bi Heleni. Mafuta ya nazi rudisheni jikoni. Mguu ukivimba au akichechemea, msikae kuniuliza mimi kwa simu, mwiteni daktari wa mifugo, hata akiwa ni kijana mwenye majivuno.

Nisalimie shangazi yetu Bi Rukia wa Mambrui, mwambie ule ubani wake nimeufukiza kwenye banda la farasi na hakuna nzi aliyethubutu kurudi. Nisalimie jirani yako Kadzo wa mboga, mwambie mchicha wa huku hauna hata harufu. Msalimie mwalimu wa Zuhura wa madrasa, mtu wa subira. Na Zuhura mwenyewe mwambie nimemsamehe, lakini siku nyingine akisema "kuliko mtu yeyote," aongeze "aliyeko Malindi kwa sasa." Ami yetu Bakari msalimie kwa heshima zote, kisha mpe ukurasa huu wa mwisho peke yake, auanzie mstari ufuatao. Ya juu hayamhusu.

Mimi Omari, kaka yake Mwanasha na walii wake, kwa akili yangu timamu na mkono wangu mwenyewe, nimeridhia dada yangu aolewe na Mbwana wa Matsangoni, kwa kuwa yeye mwenyewe amemtaka. Ami Bakari asimame mahali pangu mbele ya kadhi, aseme niliyopaswa kusema, wala asiyafupishe.

Ndoa isingoje miguu ya punda kupona. Wivu wangu usiuhesabu, ni mwingi na utakaa huku na mimi, una chakula cha kutosha. Mwanasha, unaweza kumkuta tena siku moja ameinama na ndoo yake, maana mazoea hayo najua yalivyo. Mfukuze pale kwa Bahati. Usimfukuze nyumbani.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,

Omari